Distro ni nini, na kwa nini "Linux au Ubuntu" si swali

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za nyumbani ambazo Windows 11 inazikataa wameanza kuulizia mifumo huria. Wengi wamechoka kumpelekea fundi mashine kila mara aipige Windows upya. Swali lao huja hivi: "Niweke Linux au Ubuntu?" Swali lenyewe linasameheka. Kinachoniudhi ni wanaojibu, maana nao hushika upande. Mmoja: "Ubuntu nzito, weka Linux." Mwingine: "Linux ni ya wataalamu, anza na Ubuntu."

Maana kwanza, haraka. Mfumo huria ni ule ambao msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Linux ni kerneli: ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za prosesa na kuwasiliana na diski, kibodi na kadi ya wifi. Distro ni mfumo kamili uliojengwa kuizunguka kerneli hiyo, wenye madirisha, programu, kisakinishi na utaratibu wa masasisho. Ubuntu ni distro. Debian, Fedora na Linux Mint ni distro vilevile.

Kerneli peke yake haina hata kitufe cha kubofya. Iwashe bila kitu kingine: itatambua vifaa, itatafuta programu ya kwanza ya kuendesha, itaikosa, itasimama hapo. Aliyewahi kuona matatu za Nairobi zikiundwa ataelewa upesi. Chesisi ya Isuzu ni ileile, gereji hii inafunga bodi yake na ile nyingine ya kwake, na hakuna abiria anayeuliza apande chesisi au matatu.

Mkanganyiko huu ni wa tangu mwanzo. Linus Torvalds alipoitangaza kazi yake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alikuwa na kerneli tu, na hata jina halikuwa chaguo lake. Yeye alitaka iitwe Freax. Ari Lemmke, aliyeisimamia seva ambako faili ziliwekwa, hakulipenda jina hilo. Akafungua folda akaiita linux, na likabaki. Vitu vingine ambavyo kompyuta inavihitaji, kama programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine na ile ya kupokea amri, vilikuwa vimeshaandikwa na GNU, mradi wa kuunda mfumo huria kamili, ambao Richard Stallman aliutangaza 1983. GNU walikuwa na karibu kila kitu, ila kerneli yao ilikuwa haijaiva. Basi aliyetaka kutumia Linux siku zile aliokota vipande huku na huku akaviunganisha mwenyewe, kazi ambayo si kila mtu aliiweza.

Hapo ndipo distro ilipozaliwa. Neno limekatwa kutoka la Kiingereza lenye maana ya usambazaji, na mwanzoni halikumaanisha zaidi ya hapo: mtu anakusanya vipande, anavipanga kwenye disketi, anavisambaza. Leseni ya kwanza ya Torvalds ilikataza kufanya hivyo kwa malipo. Mwaka 1992 aliihamishia kerneli kwenye leseni ya GPL, inayoruhusu hata kuuza, na wasambazaji wakapata nafasi. SLS, moja ya zile za mwanzo, ilitoka mwaka huohuo ikiwa na kasoro tele, na kasoro hizo zilizaa matunda: mwaka 1993 Patrick Volkerding aliirekebisha ikawa Slackware, na Ian Murdock, aliyechoshwa na hiyo SLS, akaanzisha Debian, jina aliloliunda kwa kuunganisha la mpenzi wake Debra na la kwake.

Ubuntu ilikuja Oktoba 2004, imejengwa juu ya Debian kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. (Jina ni ndugu wa utu wetu, hilo mnalijua.) Kwa miaka kadhaa waliwatumia watu CD kwa posta bila malipo, dunia nzima, na nadhani ndiyo sababu wengi walilijua jina la Ubuntu kabla ya kuijua Linux. Mint nayo imejengwa juu ya Ubuntu.

Stallman angetaka tuseme GNU/Linux, na Debian hujiita hivyo rasmi. Mimi sifiki huko, ila hoja anayo. Android inatumia kerneli ya Linux bila karibu chochote cha GNU, na bado sijamsikia mtu akisema simu yake ya Tecno ina Linux.

Tofauti hii ya kerneli na distro inamgusa mtu tangu siku ya kwanza. "Linux haisomi wifi" ni lalamiko la kawaida. Kadi nyingi za wifi zinahitaji programu ndogo ya kiwanda ipakiwe ndani yake, na msimbo wa programu hiyo umefungwa. Debian, kwa msimamo wake kuhusu uhuria, iliziacha programu hizo nje ya kisakinishi chake rasmi hadi toleo la 12, Juni 2023. Ubuntu haikuwa na ugumu huo. Laptopu ni ileile na kerneli ni ileile; kilichotofautiana ni uamuzi wa waliofunga distro. Hata ule uzito wa Ubuntu kwa sehemu kubwa unatokana na GNOME, yaani madirisha yake. Xubuntu ni Ubuntu yenye madirisha mepesi ya Xfce, na kwenye mashine ya RAM ya GB 4 utaona nafuu.

Kwa hiyo ukiomba msaada, usiandike tu kwamba Linux yako haitoi sauti. Fungua dirisha la amri, andika uname -r, upate toleo la kerneli. Kisha cat /etc/os-release, upate jina na toleo la distro. Tuma yote mawili, na aina ya kompyuta. Ukibanwa na muda, tuma hilo la pili.