Jicho likirudi katikati

Wenye mbwa huniuliza swali lile lile kabla ya kutia saini: "Daktari, hatasikia maumivu?" Hatasikia, nawaambia, na kweli hasikii. Hofu yangu iko upande wa pili: asije akalala kupita kiasi.

Chukua mbwa jike aliyeletwa kutolewa kizazi. Amekwisha wekewa mrija kwenye koo la hewa, anavuta oksijeni yenye aisofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta. Mwanzoni jicho liko katikati, na ukigusa pembe ya kope kwa ncha ya kidole linapepesa. Usingizi ukikolea, mboni inazama chini kuelekea puani, unabaki kuona weupe wa jicho na ule utando wa pembeni. Hapo ndipo nashika kisu. Dawa ikizidi, jicho linapanda tena katikati: kope haijibu, mboni imetanuka, uso wa jicho umekauka.

Sasa mtego ndio huo. Jicho la katikati lina maana mbili: anakaribia kuamka, au anakaribia kufa.

Nikiwa mwanafunzi wa mazoezi niliwekwa upande wa kichwa nilinde usingizi. Nikaona jicho limerudi katikati, nikajisemea huyu anaamka, mkono ukaenda kuongeza dawa. Daktari niliyekuwa chini yake hakupaza sauti. Alifungua mdomo wa mbwa kwa vidole viwili, na taya ikaachia bila ubishi wowote. Akafunga dawa, akabakiza oksijeni, akaanza kumpumulisha kwa kubana mfuko wa hewa, taratibu. Mbwa alipona. Mimi nilitoka nje, chai ikanipoa mkononi.

Tangu siku hiyo siliamini jicho kabla sijashika taya. Ikikaza, usingizi ni mwepesi. Ikikubali kufunguka lakini unahisi inakuvuta kidogo, tuko pazuri. Kisha fizi: bonyeza, achia, rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2.

Mgawanyo wa hatua 4 za usingizi tunaofundishwa darasani ni wa Arthur Guedel, daktari Mmarekani wa zama za Vita Kuu ya Kwanza, aliyefuatilia macho, pumzi na misuli ya wagonjwa. Wagonjwa wake walikuwa binadamu, na dawa yake ilikuwa etha. Tumeurithi, na kwa dawa za kuvuta unatufaa sana. Ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, haiutii hata kidogo. Mbwa wa ketamini analala macho wazi, jicho katikati, anapepesa, anameza mate, na huku kisu hakisikii. Ukimfuata kwa jicho utamwongezea sindano mpaka umuue. Kwake naangalia moyo na pumzi wakati navuta ovari, maana hapo ndipo penye uchungu mkubwa kuliko hata kukata ngozi. Vikipanda ghafla, dawa haijatosha. Na macho nayapaka mafuta yake maalumu, yasikauke.



Mashine ninazo, nazipenda. Ile ya kubana kwenye ulimi inanipa oksijeni na mapigo, lakini inaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mbwa aliyezama kabisa, kwa kuwa anavuta oksijeni tupu. Shinikizo la damu lina ukweli zaidi: wastani ukishuka chini ya milimita 60 za zebaki, figo zinaanza kukosa damu, na jambo la kwanza ninalofanya ni kupunguza dawa.

Kisha kuna saa ambayo wengi wetu huigeuzia kisogo. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliopewa dawa za usingizi au za kutuliza. Waliokufa ni karibu 1 kati ya 600, na karibu nusu yao walikufa baada ya kazi kwisha, wengi ndani ya saa 3, wakati kila mtu ameshavua glavu.

Kwa hiyo mrija siutoi mpaka aanze kumeza, na mbwa haondoki mpaka ainue kichwa mwenyewe, amefunikwa blanketi. Mwenye mbwa akiuliza mbona namchelewesha, namwonyesha benchi.