Maua ya Kitulo: piga magoti kwanza

Msimu wa mvua ukifika naulizwa swali lile lile, eti mbona nilienda Kitulo maua kibao halafu picha zimetoka majani matupu? Ulipiga umesimama, basi. Ukisimama kamera inatazama chini na inaona kila pengo kati ya ua na ua. Piga magoti, shusha kamera usawa wa maua yenyewe, hapo ya mbele yanaziba mapengo ya nyuma na uwanda wote unajaa rangi.

Kwa wasiopajua, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kule Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Maua yanakolea Desemba mpaka Aprili, okidi peke yake aina zaidi ya 40.

Sasa lenzi. Wengi wanakimbilia lenzi pana, ile inayomeza eneo kubwa, sawa, ila inasukuma vya nyuma mbali, mlima mzima unageuka kichuguu. Ukiitumia, chagua ua moja zuri usogee hasa. Mfano kwenye kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa), lenzi ya milimita 16 na f/16, yaani tundu la lenzi limebanwa sana, weka fokasi kama sentimita 60, basi kuanzia sentimita 30 hivi mpaka milimani kote kunaonekana safi. Mi mwenyewe napenda zaidi lenzi ya kuvuta, milimita 200, nikiwa mbali, maua yanarundikana na mlima unakuja mgongoni mwake.

Adui ni upepo. Kule hakuna miti ya kuuzuia na f/16 inakula mwanga, shata (mlango wa kuingiza mwanga) inakuwa ya taratibu, unakuta vile virungu vyekundu vya kniphofia juu ya bua refu vimetoka mtikisiko mtupu. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 1600 upate shata ya sekunde 1/250, chengachenga za ISO kubwa kwenye picha zinavumilika, ua lililotikisika halivumiliki. Asubuhi na mapema upepo mara nyingi unakuwa umetulia.

Na ukungu ukishuka usifunge begi jamani! Mwanga unakuwa laini, rangi zinaiva, filta ya polaraiza inaondoa ule mng'ao kwenye majani yaliyolowa.

Angalia pia unapoweka hayo magoti, okidi zimeshachimbwa vya kutosha mizizi ikapelekwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko. Beba kipande cha turubai na koti zito, kule baridi haina utani.