Kuelea na tyubu pangoni: popo tunamuogopa, mvua tunaichukulia poa

Kuna video zinazunguka sana siku hizi kwenye magrupu ya wasap huku Kigoma, watu wamevaa helmeti zenye taa, wamekalia matyubu makubwa, mto unawapeleka taratiibu ndani ya pango huku juu mawe yananing'inia na wao wanapiga kelele za raha. Chini ya kila video mabishano ni yale yale. Wapo wanaosema hao watu wanajitafutia kifo, pangoni kuna mizimu na popo wanyonya damu, na wapo, hasa vijana wa Kibirizi na Ujiji, wanaosema kwani shida nini, Malagarasi si tunao, tyubu za lori si zipo kwa fundi, twendeni jumapili. Mi naona pande zote mbili zimekosea, tena kwa namna moja: kinachoogopwa sicho kinachoua, na kinachoua hamna anayekitaja.

Tuanze na hii ya Malagarasi maana ndo ya haraka.

"Mto ni mto tu, wakiweza wao na sisi tunaweza"

Hapana aisee. Video nyingi kati ya hizo zinatoka Belize, kanchi kadogo huko Amerika ya Kati, kwenye mto unaoitwa Caves Branch, wilaya ya Cayo, sehemu yenyewe ni Nohoch Che'en. Pale miamba ni ya chokaa. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo yanabeba kaboni dayoksaidi, yanakuwa na asidi kidogo, basi yanakula ile chokaa polepole kwa maelfu na maelfu ya miaka mpaka mto unajitobolea njia chini ya kilima, unaingia upande huu unatokea upande ule. Ndo maana mtu anaelea anaingia gizani halafu anatokea tena juani.

Mamba kule wapo pia, usidanganyike. Ila mamba wa mito ya kule, anaitwa mamba wa Morelet, ni mdogo, akifika mita 3 basi huyo kakua kwelikweli, na ni mara chache sana kumgusa mtu. Wa kwetu ni mamba wa Nile, anafika mita 5, na habari zake kila mwenye ndugu Uvinza anazijua. Bonde la Malagarasi na Moyowosi liliingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, mwaka 2000, ndo ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingia humo, mafunjo na matete mpaka macho yanachoka, sasa yale yanayolifanya lipewe heshima hiyo ndo hayo hayo yanayolifanya liwe nyumbani kwa mamba na kiboko. Kiboko mchana anashinda majini, usiku ndo anatoka kula majani, na ukimziba asifike kwenye maji yake ya kina hakuulizi umetokea wapi. Wavuvi wa kule wanapita na mtumbwi na bado wanapiga kasia kwa adabu, wewe unataka kupita na tyubu, makalio na miguu vyote vimezama majini, huna usukani, huna kasia. Halafu ukishuka kuelekea ziwani unakutana na maporomoko ya Igamba, pale palipochaguliwa kwa mradi wa umeme wa maji wa megawati 49.5. Mto wa kuzungusha mitambo sio mto wa kujilaza chali.

"Tyubu ndo boya lenyewe, laifu jaketi ya nini"

Hii naisikia hata kwenye mwalo. Tyubu inaelea, sawa, lakini inaelea yenyewe. Ikipinduka au ukiteleza ukatoka inaondoka na maji au na upepo kwa mwendo ambao hata muogeleaji mzuri haifikii, na tyubu tupu ni nyepesi kuliko tyubu yenye mtu kwa hiyo ndo inakimbia zaidi. Jaketi iko mwilini, ukidondoka mmedondoka wote.

Na hizi tyubu zetu za lori ziangalie vizuri. Ile valvu ya chuma imesimama inatazama ndani, ukikaa inakuchana mbavuni au mgongoni kila mawimbi yakikurusha. Mpira mweusi ukikaa juani saa sita mchana unaunguza mapaja. Viraka vya fundi baiskeli vimebandikwa kwa gundi ambayo hakuna aliyeipima kwa siku nzima majini. Tyubu za safari zile za kulipia zimetengenezwa kwa mto, zina vishikio pembeni, nyingi zina sehemu ya kuegemea, na muongozaji anazifunga kwa kamba zikawa msururu, au anawaambia mpitishe miguu chini ya kwapa za mwenzako wa mbele ili msitawanyike gizani. Mkifika kwenye maji mafupi anapiga kelele inueni makalio! Watu wanacheka. Asiyeinua anagonga kile kifupa cha mwisho wa mgongo kwenye jiwe na wiki nzima hakai vizuri kwenye bodaboda.

"Kama hujui kuogelea huwezi kwenda"

Huu ni upande wa waoga, na hapa wameonewa bure. Safari nyingi za Belize zinachukua hata wasiojua kuogelea, sababu jaketi ni lazima, tyubu zimeungana, na muda mwingi maji yanatembea polepole. Kinachotakiwa zaidi ni miguu. Kwenye video huoni, lakini kabla ya kufika mtoni mnatembea msituni kama nusu saa, na tyubu yako umeibeba mwenyewe, mnavuka maji, mnakanyaga mawe yenye utelezi, kwa hiyo ndala kaa nazo mbali, vaa raba au viatu vyenye kamba ya nyuma. Mwenye magoti mabovu ana shida kubwa kuliko asiyejua kuogelea.

Ila aseme. Mtu anayejua kuwa anaogopa maji na akanyamaza kwa aibu ndo anakuja kupaniki katikati ya giza, akamshika mwenzake shingoni.

"Popo watakunyonya damu"

Popo wanaokunywa damu wapo duniani, aina 3 tu, na zote zinaishi Amerika kuanzia Mexico kushuka kusini. Afrika hakuna hata mmoja. Hata huko kwao wengi wananyonya ng'ombe na wanyama waliolala usiku, sio mtalii aliyewasha taa anapiga kelele. Na ile ya kuingia kwenye nywele za wanawake pia uongo, popo anajielekeza kwa mwangwi wa sauti yake, anakukwepa bila shida.

Sasa wakishaambiwa hivyo watu wanaruka upande wa pili kabisa, ooh basi popo hana neno, ngoja nimkamate nipige picha. Hapo ndo pabaya. Popo wa matunda anayeitwa popo wa Misri anabeba kirusi cha Marburg, kinacholeta homa kali inayoua. Mwaka 2007 Uganda wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua, na 2008 mtalii mmoja wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia Python Cave, msitu wa Maramagambo, huko huko Uganda. Sisi wenyewe tumeona Marburg Kagera mwezi Machi 2023, watu 6 wakafa, halafu Januari 2025 ikatangazwa tena Biharamulo, na Biharamulo sio mbali na Kakonko. Alafu kuna kinyesi chao, kikikauka kwenye pango kavu kinakuwa vumbi lenye ukungu, ukivuta unaweza kuumwa mapafu. Kwenye pango la mto kulikolowa vumbi hilo ni dogo, ila mashimo makavu ya milimani ambayo watoto wanaingia wala hakuna anayewakataza, hayo ndo ya kuangalia.

Kwa hiyo popo wa kwetu hanyonyi damu, na hashikwi.

"Pangoni hewa inaisha"

Pango lenye mto unaopita lina mdomo pande mbili, hewa inaingia na kutoka. Hewa mbaya inakaa kwenye mashimo yaliyoziba mwisho, na kwa huku kwetu hatari hiyo iko zaidi kwenye visima na vyoo vya shimo kuliko pangoni. Mizimu sitabishana nayo. Wamaya, wenyeji wa asili wa Belize, wenyewe waliyaona mapango kama mlango wa kuzimu, wanauita Xibalba, na waliacha vyungu na hata mifupa ya watu mle ndani, ni sehemu za heshima mpaka leo.

Giza ndo la kweli. Giza la pangoni macho hayalizoei hata ukae saa nzima, kwa sababu hakuna mwanga wowote wa kuzoea. Waongozaji wengi mkifika katikati wanawaambia zimeni taa wote, mnyamaze kidogo. Utajua. Ndo maana wanaoingia mapangoni kwa kazi wana desturi ya kila mtu kubeba vyanzo 3 vya mwanga, na tochi ya simu hawaihesabu.

"Mvua ikinyesha si tuko ndani, hatulowi"

Hapa naomba tukae kidogo.

Pango la mto ni bomba la maji. Mvua ikipiga milimani, maji yote ya eneo hilo yanatafuta njia moja, na njia ndo hiyo uliyokalia wewe na tyubu. Juu yako jua linaweza kuwa linawaka kabisa. Maji yakipanda nusu mita mtoni unapanda ukingo unasubiri, yakipanda nusu mita pangoni sehemu ambayo dari iko chini huna pa kwenda.

Kumbukeni wale watoto wa Thailand. Tarehe 23 Juni 2018 vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang baada ya mazoezi, mvua ikanyesha, maji yakafunga njia. Mlangoni kulikuwa na kibao kinachoonya watu wasiingie kuanzia Julai. Wao waliingia Juni. Mvua haikusoma kibao. Walipatikana tarehe 2 Julai na wapiga mbizi wawili wa Uingereza, wakatolewa wote hai mpaka kufikia tarehe 10, lakini kazi ile ilichukua watu zaidi ya 10,000, na mmoja wa waokoaji, Saman Kunan, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alifia ndani tarehe 6 Julai akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Wale walitafutwa na dunia nzima. Wewe jiulize ukikwama mahali jumapili jioni na nyumbani hukuaga.

Kwa hiyo unapomlipa muongozaji unalipia nini hasa? Watu wanadhani analipwa kukuonyesha njia, wakati mto haupotei, unajulikana unakokwenda. Unamlipa ajue jana usiku milimani kulinyeshaje, aangalie rangi ya maji asubuhi, yakiwa yamegeuka kahawia na yanabeba majani na vijiti aseme leo hatuingii, hata kama mmeshavaa helmeti na mmeshapiga picha. Belize muongozaji lazima awe na leseni ya bodi yao ya utalii, na msimu wa mvua, Juni mpaka Novemba, kufunga ni kawaida. Mteja akianza kudai hela yake akaleta maneno, muongozaji mzuri anakubali agombane naye. Anayekubembeleza muingie hivyo hivyo kwa kuwa umeshalipa, huyo mkimbie. Kwa Kigoma fikiria tu, maji ya Malagarasi yanatoka mpaka kwenye milima ya mpakani na Burundi, Kasulu ikinyeshewa hapa chini unaona baadae, hata huna wingu.

"Nchi za joto maji hayana baridi" na mengine madogo

Ndani ya pango joto linakaa karibu na wastani wa mwaka wa eneo hilo, mchana na usiku, kiangazi na masika. Belize mtu anavumilia, ila New Zealand, kule Waitomo ambako wameanza mchezo huu kibiashara 1987, maji ni ya kutetemesha na wanavaa nguo nene za mpira. Sisi tuliozoea ziwa la nyuzi 25 hivi tungelia. Vile vinavyong'aa juu ya dari la Waitomo kama nyota sio taa wala minyoo, ni viluwiluwi vya wadudu wanaotega wadudu wenzao kwa mwanga.

Ile ya kusema maji yanayotembea hayana kichocho pia tuache. Katikati ya mto ni kweli konokono anayekibeba hakai, lakini unapandia na kushukia ukingoni, penye maji yaliyotulia na majani, na hapo ndo kwake. Vijidudu vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, maji huyanywi hata tone. Na ukimeza dawa ya prazikwanteli kesho yake unajidanganya, inaua minyoo iliyokomaa, subiri wiki kadhaa ukapime ndo umeze.

Na usishike mawe yanayoning'inia. Mafuta ya mkono yanazuia chokaa mpya kushika, na jiwe hilo kwa kawaida linakua kama sentimita 10 kwa miaka 1,000. Belize kuna pango la Actun Tunichil Muknal walipiga marufuku kamera mwaka 2012 baada ya mtalii kudondosha yake kwenye fuvu la kale.

Wanaotaka pango bila kupanda ndege basi Amboni ipo, Tanga, kilomita chache tu kutoka mjini, chokaa hiyo hiyo. Ile hadithi ya kwamba linatokea Kilimanjaro au Mombasa nzuri kusimulia, ila uchunguzi wa 1994 ulikuta mapango 10 tofauti na refu kuliko yote ni mita 900. Moja ndo limefunguliwa kwa wageni na muongozaji yupo. Tyubu ya lori mrudishie fundi tu, Amboni unatembea kwa miguu.