Faili la mirathi sio mali ya msimamizi: dhana potofu na ukweli kuhusu kumbukumbu za kesi za familia

Naandika hii kwa sababu kila nikikaa na watu wanaoongelea mirathi au talaka nasikia maneno yaleyale, "faili analo baba mkubwa", "kesi ilishafungwa", "karani kasema halipo", halafu mtu anarudi nyumbani anakaa kimya miaka kumi. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao na Mahakama zao za Kadhi, kwa hiyo ndugu zangu wa Unguja na Pemba msibebe kila kitu hapa kama kilivyo.

Wanasema: faili ni la msimamizi wa mirathi, wengine mpaka awaruhusu

Hapana kabisa. Jalada ni la mahakama na linakaa masjala. Msimamizi anachotembea nacho ni Fomu namba 4, ile ya kumteua, basi. Mjane, mtoto, mrithi yeyote anaweza kwenda mwenyewe kuomba kuliona jalada na kupewa nakala, hahitaji barua ya msimamizi wala ya mwenyekiti wa ukoo.

Shangazi yangu aliishi na huu uongo miaka minane. Mumewe alipofariki shemeji yake ndo akateuliwa, na kila akiuliza anaambiwa mambo yako mahakamani subiri. Nilipomwambia twende akanijibu, "mwanangu mimi sikusoma, nitaenda kusema nini kule?" Tulibeba cheti cha ndoa, cheti cha kifo, kitambulisho chake cha NIDA na barua ya nusu ukurasa kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu anayeiongoza mahakama hiyo, inayosema yeye ni nani, marehemu ni nani, alifariki mwaka gani na anaomba nini. Tulizungushwa mara tatu, mara ya nne tukamkuta karani mwingine akatoa rejista ya mashauri akapitisha kidole kwenye majina, haikufika hata nusu saa jalada likawa mezani. Ndani kulikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini ya shangazi, karatasi ambayo yeye alikuwa anajua ni orodha ya waliochangia msiba, aliisaini siku ya tatu macho yamevimba kwa kulia. Na pale ilipotakiwa kuwepo Fomu namba 5, yaani orodha ya mali na madeni ya marehemu, hamna kitu, na Fomu namba 6 ya hesabu na mgawanyo nayo hamna.

Kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971 zinampa msimamizi miezi minne tangu ateuliwe kupeleka hiyo orodha, akichelewa aombe aongezewe muda. Hapa ilikuwa imepita miaka minane. Shangazi hakupiga kelele, aliuliza tu, "kwa hiyo haipo kwa sababu hakuileta?" Karani akasema ndiyo mama. Akaandika malalamiko, hakimu akamwita msimamizi aje alete hesabu. Jalada lile lilikuwa linamsubiri muda wote huo umbali wa nauli ya daladala moja, mpaka leo nikilifikiria roho inaniuma.

Wanasema: muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya serikali ya mtaa zinatosha

Hizo ni karatasi za kuanzia tu. Ukoo unapendekeza, mahakama ndo inateua. Kama mtu anajiita msimamizi na anachokuonyesha ni muhtasari wenye mhuri wa mtaa, muulize namba ya shauri, na asipokuwa nayo ujue huenda hata kesi haijawahi kufunguliwa.

Wanasema: kafungue au katafute kule alikozikwa

Hii inawapotezea watu nauli sana, mtu anatoka Dar mpaka Kagera kutafuta faili kwa vile baba alizikwa kule. Kwa Mahakama ya Mwanzo kinachoangaliwa kwanza ni makazi ya kudumu ya marehemu alipofariki, sio kaburi. Kama aliishi Mbagala miaka thelathini anza Dar es Salaam, ambako kuna Kituo Jumuishi cha Temeke kilichotengwa kwa mashauri ya familia, yaani mirathi, ndoa na watoto, na ndani yake unakuta ngazi tofauti za mahakama sehemu moja.

Halafu angalia na ngazi. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi za Kiislamu na za kimila. Marehemu Mkristo aliyeishi kwa mila za kwao mara nyingi utakuta yake nayo imefunguliwa Mwanzo, ila inaweza pia kuwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kwa hiyo ukikosa ngazi moja usiseme haipo, panda nyingine.

Na kama huna namba ya shauri kabisa, tafuta mahali ambapo Fomu namba 4 ilishapita. Benki waliiona kabla ya kutoa hela, mfuko wa pensheni waliiona, na kama kuna nyumba yenye hati basi msajili wa hati aliiona kabla ya kubadilisha jina, kwa hiyo ukifanya sachi ya kiwanja unaweza kukuta jina la msimamizi na tarehe ya mabadiliko, na ukishapata mwaka na mahakama karani hana tena sababu ya kukwambia hajui atafute wapi.

Wanasema: cheti cha Bakwata au barua ya baraza la kata ndo talaka

Nawaonea huruma sana wanaoamini hivi kwa sababu wanakuja kugundua siku ya kufunga ndoa nyingine au ya kugawana nyumba. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 baraza la usuluhishi, liwe la kata, la kanisa au la Bakwata, likishindwa kupatanisha linatoa hati ya kushindwa, watu wanaiita Fomu namba 3, na hiyo ni tiketi ya kuingilia mahakamani tu. Mahakama ndo inavunja ndoa na kutoa hukumu na dikrii. Hata Muislamu aliyepewa talaka kwa taratibu za dini anapaswa kufika mahakamani ili itambulike kisheria.

Kwa hiyo ukienda kuomba kumbukumbu ya talaka yako jua unaomba nini. Hukumu ni maelezo na sababu za hakimu. Dikrii ni ile karatasi fupi ya amri, ndoa imevunjwa, watoto wanakaa na nani, mali zinagawanywa vipi. Mwenendo ni kila kilichosemwa na mashahidi, siku kwa siku. Mtu anaandika "naomba nakala za kesi" anapewa mwenendo kurasa sitini wakati RITA, wale wa kusajili vizazi, vifo, ndoa na talaka, wanataka dikrii. Andika jina la karatasi unayotaka, na omba iwe imethibitishwa kwa mhuri, picha ya WhatsApp haitakusaidia popote.

Wanasema: RITA wana mafaili yote

RITA wanasajili vizazi, vifo, ndoa, na talaka baada ya mahakama kutoa dikrii. Jalada la kesi hawana.

Wanasema: siku hizi kila kitu kipo onlaini

TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ipo, ni bure, na mimi naipenda kweli, ukiandika jina la kesi inakuletea hukumu nzima. Ila kilichojaa pale ni hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Shauri la mirathi lililoanzia na kuishia Mahakama ya Mwanzo usitegemee kulikuta. Ukilikuta ujue mtu alikata rufaa mpaka juu, na hapo utapata jina la mahakama ilikoanzia pamoja na namba yake ya shauri, hiyo yenyewe ni msaada mkubwa.

Na kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii. Kesi yako ya ndoa ikifika Mahakama Kuu hukumu inaweza kuwekwa wazi na majina yenu, na mambo ya chumbani yamo humo. Mashauri ya watoto ni tofauti, yanasikilizwa faragha, na rejista ya watoto walioasiliwa, yaani waliochukuliwa kisheria na wazazi wengine, haipekuliwi na kila anayetaka. Jirani hawezi kwenda kuulizia faili la mtoto wako, na mtu asiyehusika kwenye shauri lolote la familia aandike sababu zake hakimu azipime.

Wanasema: nasubiri nakala ya hukumu ndo nikate rufaa

Hii naomba uisome mara mbili. Mirathi iliyoamuliwa Mahakama ya Mwanzo, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Na kwa kesi zilizoanzia Mwanzo sheria haikulazimishi kuambatanisha nakala ya hukumu kwenye rufaa, majaji wa Mahakama Kuu wameshalisema, kwa hiyo ukikaa unasubiri ichapwe siku zako zinaisha huku hata sababu ya kuchelewa huna. Peleka sababu zako za rufaa, nakala utaifuatilia huku kesi inatembea.

Wanasema: bila kumpa karani kitu hupati

Kama kuna ada unapewa kontroo namba unalipa kwenye simu au benki na risiti inabaki kwako. Hela ya mkononi isiyo na risiti sio ada. Ukikwama muone Hakimu Mfawidhi, na ukiombwa rushwa TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapigiwa 113, bure. Huna uwezo wa wakili? Kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri kwako.

Wanasema: karani kasema faili halipo, basi imeisha

"Halipo" ina maana nyingi. Mara nyingi limeitwa Mahakama ya Wilaya kwa ajili ya rufaa au marejeo, au liko kwa hakimu, au liko kwenye maboksi ya majalada yaliyoisha. Uliza swali hili: kwenye rejista limeandikwa limeenda wapi na tarehe gani? Likiwa limepotea kweli, iandikie mahakama uombe jalada liundwe upya kutokana na nakala walizonazo wahusika, Fomu namba 4 iliyobaki benki, wito wa mahakama, risiti, hata ile samansi uliyofungia vitunguu. Ndo maana shangazi sasa hivi kila karatasi yenye mhuri anaiweka kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, na namba ya shauri kaiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya cheti chake cha ndoa, nikamwambia shangazi hapo usiandike, akasema haidhuru, hii sitaki ipotee tena.