Sola ya Kiangazi Hupimwa na Mvua ya Novemba

Kila mwaka, mvua zikishashika, karakana ya chuo chetu hapa Tabora huanza kupokea betri. Zinakuja zimefungwa kamba nyuma ya pikipiki, kutoka Sikonge, Urambo, Uyui, na wenye nazo huuliza swali lile lile: "Mwalimu, hii haiwezi kufufuliwa?"

Mzee mmoja wa Kaliua alileta yake ya Ah 100 (ampia-saa, kipimo cha akiba ya betri), haijamaliza hata miezi sita. Tukaweka mita, ikasoma volti 10.4. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.7. Ikilala wiki nzima kwenye 10, sahani zake za ndani hujengeka salfeti ngumu, na hapo hakuna chaja ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Nikamuuliza kuhusu kontrola, kile kifaa cha kulinda betri kinachokaa kati ya paneli, betri na vyombo. Akacheka kidogo. Ilikuwa inazima TV katikati ya mpira, basi kijana wa jirani akairuka, akaunga TV na taa moja kwa moja kwenye betri.

Kontrola ile haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa inakata ili betri isife.

Tukakaa kwenye benchi tukapiga hesabu, na hesabu hiyo ningependa kila mwenye nyumba aipige kabla hajaingia dukani. Taa zake ni 4 za wati 5, zinawaka kwa muda wa saa 5: wati-saa 100. TV ya wati 40 kwa saa 4: 160. Simu 4, tukazikadiria wati-saa 10 kila moja: 40. Jumla 300 kwa siku. (Anayetumia LUKU ajue kwamba yuniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo huyu mzee anatumia chini ya theluthi ya yuniti.) Kuna umeme unaopotea kwenye waya, joto la paneli, vumbi na betri yenyewe, kwa hiyo gawanya kwa 0.7. Unapata kama 430, na hicho ndicho paneli inatakiwa kuvuna.

Paneli yake ilikuwa ya wati 100. Kiangazi cha Tabora hukupa jua linalolingana na saa 5 kamili kwa siku, maana yake wati-saa 500. Alinunua Julai, hela ya tumbaku ikiwa mkononi na mbingu nyeupe, kila kitu kikawaka vizuri. Novemba mawingu yakapunguza mavuno hadi nusu. Matumizi hayakupungua. Betri ya risasi haitakiwi kushushwa zaidi ya nusu yake, na nusu ya Ah 100 ni wati-saa 600 tu (ampia-saa 50 mara volti 12); akiba hiyo iliisha ndani ya siku tano hivi. Kwa nyumba kama yake mimi ningefunga wati 200, yaani paneli mbili kama ile. Piga hesabu yako kwa Desemba, Julai itajiweza.

Na pasi? Pasi ya wati 1,000 ikiwaka dakika 20 tu imekula zaidi ya matumizi yote ya siku ya mzee huyu. Nyoosheni kwa mkaa.

Kuhusu paneli za bandia, jua lenyewe litakusaidia kuzitambua. Saa sita mchana wa jua kali, mita moja ya mraba hupokea karibu wati 1,000, na paneli nzuri ya kawaida hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Basi eneo la mita moja kwa mita moja litakupa wati 200 na ushee. Ukioneshwa kipande kinachobebeka kwapani kimeandikwa wati 300, usibishane na muuzaji, aga uondoke. Betri nayo inue: ya risasi ya Ah 100 hukaribia kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja huku unapiga soga, ndani hamna kitu.

Juu ya bati sasa. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate kuiosha. Nimewahi kukuta fundi ameinamisha sana na kuielekeza kusini. Alijifunza kwa video ya Ulaya, na huko ndivyo inavyofungwa. Acha nafasi ya kupitisha kiganja kati ya paneli na bati, kwa sababu paneli ikichemka volti hushuka. Halafu angalia mwembe. Mji huu una miembe kila kona na tunaipenda, lakini vichumba vya paneli vimeungwa mfululizo kama shanga. Kivuli cha tawi moja kikiangukia kona kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Panda juu saa tatu asubuhi, rudi saa tisa alasiri, utazame kivuli kinakofika.

Waya ndipo watu wanapobana hela. Ampia 8 zikipita kwenye waya wa milimita 1.5 kwa umbali wa mita 15, kwenda na kurudi, karibu volti 3 zinabaki njiani. Paneli iliyopata joto inatoa 15 au 16, betri inataka 14.4 ili ijae. Toa mwenyewe uone. Waya wa milimita 6 hupoteza chini ya volti 1.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Betri ya risasi hutoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo iwekwe penye hewa, mbali na jiko na mbali na kitanda cha watoto. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Mwombe akuoneshe, hatakasirika kama anayo. Vumbi la Agosti lifutwe alfajiri kwa maji na kitambaa laini, kioo kikiwa bado baridi.

Yule mzee aliondoka na betri mpya na kontrola ile ile ya zamani, ambayo haikuwa na kosa. Paneli ya pili alisema ataongeza Julai, hela ya tumbaku ikiingia. Mpaka hapo, TV dakika 45 kwa siku.