Crohn haikuzuii kukimbia

Kijana mpenda michezo akigunduliwa ana ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa njia ya chakula), huanza kusikia: "Acha mazoezi, utajimaliza." Si kweli. Kathleen Baker, muogeleaji wa Marekani, aliugua tangu utotoni. Mwaka 2016 alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki huko Rio, mita 100 za kuogelea chali, na 2018 akavunja rekodi ya dunia kwa sekunde 58.00.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili ndiyo inayochochea uvimbe kwenye njia ya chakula. Mazoezi hayauleti. Ugonjwa ukichachamaa, nawe ukaharisha na kuishiwa nguvu hata baada ya kulala, pumzika, tena bila aibu. Ugonjwa ukitulia, rudi mazoezini taratibu, na tafadhali usiache dawa eti kwa kuwa unajisikia mzima.