Je, wajua kwa nini dagaa wa Kigoma wanaweza kuisha wakati wanazaana kila leo?

Mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, hapa Kigoma swali lilikuwa moja, samaki mwenyewe kadogo hivi na anazaana kila leo, sasa anapumzishwa ili iweje? Swali la haki kabisa, maana miezi 3 bila dagaa ni ada za watoto hizo.

Jibu ni kwamba kweli anazaana haraka ila na kufa anakufa haraka. Dagaa wetu anaishi kama mwaka mmoja hivi, akizidi sana ni miezi michache juu. Samaki mkubwa anayeishi miaka mingi mwaka mmoja ukimwendea vibaya atataga mwakani, dagaa hana mwakani. Hawa tunaowavua sasa hivi ndo wazazi wa wale tutakaowavua msimu ujao, nyuma yao hakuna akiba nyingine. Halafu watoto wa dagaa wanakulia karibu na ufukwe, wakishakua kidogo ndo wanaenda kilindini, kwa hiyo kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, likivutwa pale ufukweni linazoa kitalu chenyewe, hawajataga hata mara moja. Mimi hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Na ziwa nalo lina mambo yake. Kina chake kinafika mita 1,470 lakini oksijeni ipo juu juu tu, na rutuba nyingi imezama huko chini. Kiangazi, kuanzia Mei hivi mpaka Septemba, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuja huku kaskazini, kule kusini maji ya chini yanapanda na rutuba yake, vimea vidogo vya kijani vinaota majini, vidudu vinakula, dagaa anakula vidudu, mgebuka anamla dagaa, na sisi tunawala wote wawili kwa ugali wa muhogo na mawese. Sasa ziwa linazidi kupata joto, na maji ya juu yakiwa ya moto hayachanganyiki vizuri na ya chini, rutuba inabaki hukohuko. Yaani hata tusingeongeza taa ya kuvulia usiku wala mtumbwi mmoja, chakula cha dagaa kinapungua.

Kwa hiyo hesabu ya dagaa haiishii kwenye sahani yetu, lazima umuwekee na mgebuka fungu lake, la sivyo unapoteza samaki wawili kwa mpigo.

Baharini walishaonja hii. Peru walikuwa wanavua anchoveta, ndugu wa dagaa, zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka, nyingi zinasagwa kuwa chakula cha mifugo. Mwaka 1972 maji ya joto ya El Niño yakaja wakati samaki ameshavuliwa kupita kiasi, uvuvi ukaanguka na ndege wa baharini wakafa njaa. Siku hizi wanapima kwanza ndo wanafungua, na mwaka 2023 walifuta kabisa msimu wa kwanza kwa sababu wadogo walikuwa wengi mno.

Sisi kazi yetu ni ngumu zaidi kidogo, maana ziwa ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na dagaa anayelelewa ufukwe wa huku anaweza kuvuliwa ng'ambo. Ndo maana kufunga kunataka wote wafunge pamoja, taa zizimwe pande zote usiku uleule.